Zoezi la Kuingia Chini ya Boti

Nimestaafu mwaka huu, na nyinyi mnaobaki klabuni mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Nadhani mlitaka hadithi za mashindano. Hizo waulizeni walioshinda. Mimi siku za mashindano nilikuwa nimekaa kwenye boti ya uokoaji, nimelowa mpaka mifupani, natazama vichwa vya watu na kuhakikisha havipungui. Kazi yangu ilikuwa mafunzo ya wanachama wapya na zamu za watu wa kujitolea, basi. Nitaandika hayo. Na nitaandika habari za Jilala, kwa sababu wengi wenu mmezisikia nusunusu, na hiyo nusu yenyewe imeongezwa chumvi.

Nilizaliwa Ushirombo, kwa wakulima, mahali ambapo maji mengi niliyoyajua yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Nilikuja Geita kumfuata mume wangu aliyepata kazi ya ufundi, tukapanga Kalangalala. Klabu ilikuwa imeanzishwa na wageni waliofanya kazi migodini, ambao mwisho wa wiki walipenda kwenda ziwani na vijiboti vyao vya matanga. Mimi niliajiriwa kupika na kufagia banda. Mikataba yao ilipoisha waliondoka, boti wakaziacha, zikarithiwa na makarani, walimu, mafundi na wafanyabiashara wa mjini ambao nao walikuwa wameonja upepo wakaupenda. Wavuvi wa jirani walitushangaa. Siku moja mmoja alituuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia tunazunguka lile boya pale, halafu tunarudi.

"Mmebeba nini?"

"Hatujabeba kitu."

Alitutazama kwa huruma, kama mtu anayewatazama wagonjwa, akawasha mashine yake akaenda zake kutafuta samaki.

Aliyenitoa jikoni ni Mzee Magesa, fundi wa boti kutoka Ukerewe. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye vidole vilivyopinda kwa kukaza kamba. Mtu wa zamu alikosekana asubuhi moja, na Mzee Magesa akaja mlangoni mwa jiko mimi nikiwa namenya ndizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Rozi. Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Vizuri. Wanaojua huwa hawanisikilizi. Vaa hili."

Lilikuwa jaketi okozi, kubwa kuliko mimi, lenye harufu ya mafuta ya taa na samaki. Siku ile nilikaa mbele ya boti nimeshika kingo kwa mikono miwili, natapika kwa zamu, kulia na kushoto. Mzee Magesa hakunicheka wala hakunipa pole. Alinionyesha vitu vitatu tu: filimbi, kamba yenye kitanzi, na kisu chenye ncha iliyokatwa. Nilimuuliza kwa nini kisu hakina ncha. Akasema mtu aliyenaswa kwenye kamba za tanga hatulii, na wewe uliyekwenda kumkata kamba unaweza kumkata tumbo. Nikakaa na jibu hilo wiki nzima. Mpaka leo nikiona kisu cha uokoaji kimechongwa ncha na kijana mjuaji, nakitupa.

Kuogelea nilijifunza kwa taabu, nikiwa mama wa watoto wawili, mbele ya wanawake waliokuja kufua na ambao hawakuficha furaha yao. Tanga nilijifunza kwa urahisi zaidi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nimekulia kwenye mbuga tambarare, ambako upepo unauona unavyokuja kwenye mpunga kabla haujakufikia. Majini ni vilevile: eneo linakuwa jeusi, linakukimbilia, na una nafasi ndogo ya kulegeza kamba kabla boti haijalala. Mzee Magesa aliliona hilo. Tangu hapo alianza kuniachia usukani.

Alichokisisitiza kuliko vyote ni zoezi ambalo nyinyi mnaliita "la Mama Rozi," ingawa ni lake. Boti inapinduliwa kabisa, mlingoti ukitazama chini na tumbo likitazama juu. Mwanafunzi anapiga mbizi chini ya ukingo, anaibukia ndani, ambako hewa imebaki kati ya maji na sakafu ya boti. Mle ni giza la kijani, na sauti yako unaisikia kama ya mtu mwingine. Mwalimu aliye nje anagonga mbao kwa kiganja. Wewe unajibu kwa kugonga, unataja jina lako kwa sauti, halafu unatoka. Hakuna aliyewahi kuruhusiwa kukaa kwenye boti ya uokoaji bila kufanya hivyo. Watu wakubwa kazini kwao walilia mbele yangu. Mwalimu mkuu mmoja wa shule alinipigia magoti nimsamehe, nikamwambia anifanyie zoezi kwanza, magoti baadaye.

Mzee Magesa aliugua kifua, akarudi kwao, akafariki kitandani akiwa amezungukwa na wanawe. Kwa mtu wa kazi yetu hiyo ni bahati. Mimi nikabaki na filimbi yake na wanafunzi wake.

Jilala alikuja klabuni miaka kadhaa baada ya hapo. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, mwenye kovu lililoanzia sikioni likapotelea kwenye kola ya shati. Kwao ni Tinde. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza pampu na mashine za boti pale Kalangalala, na alikuja kwetu kurekebisha mashine ya boti ya uokoaji iliyokuwa ikizima kila tulipoihitaji, na kuwaka vizuri kila fundi alipoitwa. Akaitengeneza. Kisha akakaa mchangani akitazama matanga, mpaka jioni ikawa inaingia. Nikamuuliza kama anataka kitu.

"Hapana, Mama. Natazama tu. Kule hakuna kitu juu ya kichwa cha mtu."

Alikuwa amechimba dhahabu Mwakitolyo, kwenye mashimo ambayo wachimbaji wadogo huyaita maduara. Siku moja matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yaliachia. Yeye na rafiki yake Shaban walifukiwa, kila mmoja upande wake wa kifusi. Waligongeana kwa nyundo. Halafu akawa anagonga Jilala peke yake. Wenzao walipowafukua, Shaban alikuwa ameshakwisha. Tangu hapo Jilala hakuweza hata kulala kwenye chumba chenye dari. Alikuwa amepanga nyumba isiyo na dari, bati tupu, na mlango aliuacha wazi.

Alijiunga na watu wa kujitolea, na alikuwa mwanafunzi ambaye kila mwalimu humwomba Mungu ampe. Fundo akionyeshwa mara moja, amelijua. Mashine ikikohoa, anajua ni nini kabla haijakohoa tena. Lakini siku ya zoezi la chini ya boti alisimama kwenye maji ya kifuani, akaweka mkono juu ya mbao, akageuka akatoka. Nilimfuata mchangani. Alikuwa anatetemeka kama mtu mwenye malaria.

"Niache niwe wa nje tu, Mama Rozi. Nitashika mashine. Nitavuta kamba. Huko ndani usinipeleke."

"Ukiwa wa nje tu, siku mwenzako akinaswa ndani utafanyaje?"

Nikamwambia hatalazimishwa. Na kweli sikumlazimisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyerudi wiki iliyofuata, akasema tujaribu, ila polepole.

Polepole ndiyo kazi niliyoijua. Nilianza na boti iliyopinduliwa mchangani, ukingo mmoja umeinuliwa kwa jiwe kubwa. Tukaingia wote wawili, tukakaa humo tumeinamisha shingo kama kuku kwenye tenga. Nikamweleza jinsi ya kupika matobolwa, namna mama yangu alivyochemsha viazi vitamu na kuvikausha. Mtu anayetetemeka anahitaji kusikia jambo ambalo halina maana kubwa. Wiki nyingine tukaweka jiwe dogo. Nyingine hatukuweka jiwe. Alitoka mbio mara mbili, mara moja akanipiga kiwiko cha pua, tukacheka damu ikinitoka. Kisha tukaenda kwenye maji ya magotini, kisha ya kifuani, mimi nikiwa ndani pamoja naye kila mara, nimemshika mkono.

Siku alipoingia peke yake, nilisimama nje na kugonga. Kimya. Nikagonga tena. Nilikuwa nimeshavuta pumzi nipige mbizi niliposikia amejibu, kisha sauti yake ikasikika kupitia mbao.

"Jilala. Nipo. Subiri kidogo, Mama, nasikiliza."

Alitoka baada ya muda, akafuta uso kwa viganja.

"Ulikuwa unasikiliza nini?"

"Hamna mtu mle," akasema. "Nilidhani nitamsikia. Hamna mtu."

Tulikwenda kunywa chai.

Sasa nifike kwenye ile siku mnayoisimulia kwa makosa. Ilikuwa mchana, si usiku kama nilivyomsikia mmoja wenu akisema. Zamu ilikuwa yangu na Jilala. Mtumbwi mkubwa wa abiria ulikuwa unarudi kutoka gulioni, umefungwa turubai juu kuzuia jua, umejaa watu na magunia ya dagaa. Mawingu yalikuwa yameshuka upande wa ziwani, na mimi nilikuwa nimeshapiga filimbi vijiboti vyetu virudi. Tuliuona mtumbwi ukigeuza kuikimbilia ghuba yetu. Ulipokuwa unageuka, upepo ukaingia chini ya turubai, ukaliinua kama tanga ambalo hakuna mtu wa kulilegeza. Ukalala. Magunia yakahamia upande mmoja. Ukapinduka wote.

Tulipofika, watu walikuwa wametapakaa. Nilifanya kama nilivyofundishwa: walioshika kitu tukawapita, wasioshika kitu tukawaendea, kamba kwanza na mkono baadaye. Wavuvi wawili nao walifika na mitumbwi yao, wale wale waliotushangaa, wakafanya kazi kama watu kumi. Tulikuwa tumeshajaza boti nilipomwona Jilala ameinamia tumbo la mtumbwi, sikio kwenye mbao.

Akagonga. Kukajibiwa kutoka ndani.

"Mama, kuna mtu."

"Turubai linaziba. Utanaswa."

"Kuna mtu, Mama."

Alikuwa ameshika kisu kisicho na ncha. Nilimfunga kamba kiunoni, nikamwambia nikivuta mara mbili atoke, awe amempata au hajampata. Akaingia. Kile kipindi sikielezi, kwa sababu sikikumbuki vizuri; nakumbuka tu ile kamba mkononi. Alitoka na mwanamke aliyekuwa hai, muuza dagaa anayeitwa Mama Anitha, ambaye mpaka leo hupita klabuni kutusalimia. Jilala alivuta pumzi akarudi ndani. Safari ya pili alikaa muda mrefu. Nilivuta mara mbili. Akatoka, mikono mitupu, akatikisa kichwa. Wengine waliokuwa mle walikuwa wameshakufa. Alikuwa amewagusa mmoja mmoja gizani kuhakikisha.

Kwenye mazishi watu walimshika mikono. Klabu ikamfanyia pilau. Yeye alikaa kimya, lakini si kimya cha huzuni, na hilo ndilo nililolishangaa. Alikuwa ametulia. Kama wiki tatu hivi baadaye alinikuta nikishona tanga.

"Mama Rozi, nimekuja kuaga. Narudi Mwakitolyo."

Nilidhani anatania. "Kufanya nini?"

"Kuchimba. Kuna duara jipya, wenzangu wananiita. Ile kazi naijua, Mama. Kutengeneza pampu nilikuwa najificha tu."

"Jilala, ulisema hutaki kitu juu ya kichwa chako."

"Ilikuwa zamani. Nimekaa kwenye giza na maiti, nikatoka. Siogopi tena. Wewe ndiye uliyenitoa woga, Mama." Alisema kwa shukrani, amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Nilimwambia boti ni mbao nyepesi na mita chache pembeni kuna anga. Ardhi haina ukingo wa kupiga mbizi ukatokea upande wa pili. Nilimwambia woga mwingine una kazi yake. Nilimwambia hata abaki kwa ajili yangu, kwamba mashine bila yeye itaanza tena visa vyake. Alicheka. Mtu aliyetoka kwenye kifungo cha miaka huwezi kumwambia kifungo kilikuwa kinamlinda. Akaenda.

Alikuwa akinipigia simu mara kwa mara. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye raha. Alinieleza jinsi anavyowafundisha vijana wa duara kugonga na kujibu, na kutaja jina kwa sauti. Nilimuuliza matimba yakoje. "Mazuri," akasema. Masika iliyofuata mvua zilikuwa kubwa. Aliyenipigia simu safari hiyo hakuwa yeye; alikuwa mwenzake, kuniambia duara limemfukia.

Mmeniuliza mara nyingi, hasa nyinyi walimu wapya, kama zoezi hilo liondolewe, maana linawatesa watu. Hapana. Mama Anitha yuko hai. Mimi mwenyewe, baada ya simu ile, Jumamosi nilikuwa kwenye maji ya kifuani, nagonga mbao, nasubiri jibu la mwanafunzi. Ilibidi nimwachie mwenzangu aendelee kugonga, lakini zoezi lilifanyika. Nimelifundisha mpaka mwaka huu. Sijapata njia nyingine ya kumwandaa mtu kuingia mahali pale. Nilichokipoteza ni ile furaha niliyokuwa nayo zamani mwanafunzi anapotoka chini ya boti akicheka, akisema haogopi tena. Nampongeza, nampa taulo. Halafu namtazama akienda zake na sijui anakwenda wapi.

Nilikwenda Tinde kuzika. Nilishuka barabarani nikauliza, nikaelekezwa kwenye mji wao, boma lenye ua wa miti ya minyaa. Wanawake walikuwa wanapika nyuma ya nyumba, wanaume wamekaa kwenye mabenchi, wachimbaji wenzake wamejitenga pembeni na matope bado kwenye viatu. Mama yake alikuwa bibi mdogo wa umbo, amekaa kwenye mkeka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na Kisukuma changu si cha kwao, lakini tulisikilizana.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia, kama kwao wanavyomwita mama.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa majini?"

"Ndiye mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Njia nzima kutoka Geita nilikuwa nimelitafuta neno la kumwambia, sikulipata. Yeye akanivuta nikae karibu.

"Zamani akija hapa alikuwa halali," akasema. "Alikuwa anapiga kelele mpaka majirani wanatoka. Nilikuwa nakaa naye nje mpaka kunakucha, mtu mzima yule, kama mtoto mchanga. Halafu akaja siku moja akalala. Ndani, mlango umefungwa. Nikaenda kumtazama kama anapumua. Akaniambia kuna mama wa Geita amemfundisha." Alinishika kiganja. "Wabeja, mwalimu. Wabeja sana."

Wabeja ni asante, na asante ile sikuwa na mahali pa kuiweka. Akaniuliza nilimfundishaje. Nikamweleza, kwa maneno machache, habari ya boti mchangani na jiwe, na jinsi tulivyokuwa tukikaa humo nikimsimulia kupika matobolwa. Alisikiliza kwa makini sana, kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda mahali.

"Kumbe na wewe ulikuwa unaingia naye humo ndani?"

"Nilikuwa naingia naye."

"Ukimshika?"

"Nikimshika mkono."

Akatikisa kichwa polepole. Kule nyuma walikuwa wanaita watu waje kubeba jeneza. Akajifunga khanga upya, akaweka mkono begani kwangu ili ainuke.

"Safari hii alikuwa peke yake," akasema, na tukatoka pamoja kwenda kumzika.